Jinsi ya kuunganisha mipango ya matumizi ya ardhi ya manispaa zinazopakana

Wiki iliyopita nilimaliza kuwasaidia maofisa mipango miji wa manispaa mbili jirani kutengeneza mpango mmoja wa matumizi ya ardhi. Wote walitegemea kwamba ugumu ungekuwa kwa madiwani. Ugumu wenyewe tuliukuta ndani ya mafaili ya ramani. Naziandika hatua tulizopita, hasa ile ya 3, ili atakayefuata asipoteze siku kama tulizopoteza sisi.

Nachukulia kwamba mabaraza yote mawili yamesharidhia ushirikiano na kila upande una mpango wake, hata kama ni wa siku nyingi.

Hatua ya 1: Chagueni mambo ya pamoja

Msianze na dira ya kanda. Dira itakula miezi na kila mtu ataikubali bila kulazimika kubadili chochote. Anzeni na yale ambayo hakuna upande unaoweza kuyamaliza peke yake: mto unaopita kote kuwili, chanzo cha maji kilichopo kwa mmoja na bomba linalonywesha mwingine, barabara kuu, dampo. Matano yanatosha.

Hatua ya 2: Undeni timu

Kila upande utoe mpangaji, mpima ardhi, mtu wa ramani na mwanasheria. Mikutano ifanyike kwa zamu, huku na huku.

Hatua ya 3: Wekeni ramani zote kwenye mfumo mmoja

Hapa tulikwama siku 3. Tulipofungua tabaka mbili za mipaka (yaani data ya ramani ya kila upande) kwa pamoja, ulitokea ukanda wa karibu mita 300 ambao kila manispaa ilionekana kuumiliki, na ndani yake kulikuwa na nyumba za watu. Kabla hatujatafuta sababu, picha ya skrini ilishawafikia madiwani, na kufika jioni upande mmoja ulikuwa ukilalamika kwamba umeporwa ardhi. Hakuna aliyeporwa. Ramani moja ilichorwa kwa datumu ya zamani, nyingine kwa WGS 84, datumu inayotumiwa na GPS, na ile ya zamani ililetwa bila faili lake la .prj, ambalo ndilo hubeba jina la mfumo. Programu haikuwa na namna ya kujua.

Datumu ni umbo la dunia ambalo vipimo vimeegemezwa juu yake. Koordineti (namba zinazotaja mahali) zilezile, zikisomwa kwa datumu mbili, huangukia mahali pawili, na tofauti yaweza kufika mamia ya mita. Kosa la kanda ya UTM, mfumo wa koordineti unaoigawa dunia kwa kanda, ni rahisi kulikamata: kanda ziko 60, kila moja ina upana wa digrii 6, na ukikosea kanda, manispaa nzima inaruka mamia ya kilomita. La datumu ndilo la hatari, kwa sababu lina sura ya mgogoro wa mpaka.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua chochote, muulizeni kila mwenye data: datumu ipi, kanda ipi, ilipimwa lini? Jibu liwe la maandishi. "Iko kwenye UTM" ni nusu ya jibu.

Msisogeze ramani kwa mkono hata kama mnaona inakaribia kukaa vizuri. Na katika QGIS, programu ya ramani ambayo naipendekeza kwa kila timu kwa kuwa ni ya bure na pande zote zitaona kitu kilekile, tofautisheni kazi mbili zinazofanana majina. Ya kwanza ni kuiambia programu tabaka hili liko kwenye mfumo gani, namba hazibadiliki. Ya pili ni kulihamisha tabaka kwenda mfumo mwingine. Namba zinakokotolewa upya. Ukiiandikia ramani ya datumu ya zamani kwamba ni WGS 84, hujaibadili, umeipachika jina lisilo lake, na kila kitakachofuata kitarithi kosa hilo.

Mkishahamisha, hakikini kwa vitu 3 vinavyoonekana kwenye picha ya satelaiti: daraja, makutano ya barabara, kona ya jengo kubwa. Msihakiki kwa mstari wa mpaka, maana ndio unaobishaniwa.

Hata baada ya hapo mtabaki na mianya na miingiliano ya mita chache, hasa pale mpaka unapofuata mto, kwa sababu mto huhama. Msiifute ili ramani ipendeze. Mpango wa matumizi ya ardhi hauna mamlaka ya kuhamisha mpaka wa utawala; kinachotawala ni maelezo ya kisheria ya mpaka huo. Vipakeni vipande hivyo rangi moja, viandikwe "eneo la kuhakikiwa", muwakabidhi wapima.

Jambo la mwisho hapa: mnapohifadhi ramani, achaneni na muundo wa Shapefile, tumieni GeoPackage, ambao huweka kila kitu kwenye faili moja. Shapefile ni mafaili kadhaa yanayotembea pamoja, na moja likibaki kwenye barua pepe ya mtu mnarudi mwanzo. Tena hukata majina ya safu kwenye herufi 10. Tulikuwa na safu ya "matumizi_yaliyopo" na ya "matumizi_yaliyopangwa". Zote zilikatwa zikawa "matumizi_y".

Hatua ya 4: Linganisheni maana kabla ya rangi

Kwenye meza yetu ramani zote mbili zilikuwa na kijani kilichoandikwa "kilimo", zikaungana mpakani bila mshono. Nikauliza kila upande: mtu akiomba kujenga hapa, mnamjibu nini? Mmoja alisema, "Haruhusiwi." Mwingine akasema, "Asubiri tupime viwanja." Neno moja, kwa mmoja ni ardhi inayolindwa, kwa mwingine ni akiba ya makazi.

Tengenezeni jedwali: jina la aina ya matumizi kwa kila upande, kinachoruhusiwa, kisichoruhusiwa, ukubwa wa chini wa kiwanja, urefu wa jengo. Jina la pamoja litolewe mwisho, baada ya safu hizo kujaa.

Hatua ya 5: Makadirio ya watu

Chukueni sensa ileile na mwaka uleule wa mwisho wa mpango, kisha mpate kwanza jumla ya eneo lote ndipo mgawane. Kila upande ukikadiria kivyake, familia ileile itatengewa viwanja kote kuwili.

Hatua ya 6: Zungumzeni fedha mapema

Hakuna manispaa itakayokubali kubaki na msitu na dampo wakati jirani anapata viwanda na kodi zake. Mfano ninaowapa watu ni wa Minnesota, Marekani. Kwa sheria ya mwaka 1971, kila mji katika eneo la Minneapolis na Saint Paul huweka kwenye kapu moja asilimia 40 ya ongezeko la msingi wa kodi (thamani inayotozwa kodi) ya majengo ya biashara na viwanda, kisha kapu hugawanywa kwa kuangalia idadi ya watu na uwezo wa kila mji. Si lazima mwige asilimia hiyo, ila wekeni kanuni kabla ya kuchora eneo la viwanda. Likishachorwa, aliyelipata hatataka tena mazungumzo.

Hatua ya 7: Idhinisheni na mlinde

Kila baraza lipitishe matini yaleyale, neno kwa neno. Mipango ya ndani haihitaji kufanana na wa pamoja. Inatosha isipingane nao. Ufaransa wanafanya hivyo tangu sheria ya mwaka 2000 iliyoanzisha mipango ya pamoja ya aina hii.

Kwenye hati ya makubaliano wekeni kifungu cha taarifa: upande wowote ukitaka kubadili matumizi ya kiwanja ndani ya umbali fulani kutoka mpakani, umpelekee jirani ombi hilo na ramani yake kabla ya kuamua. Sisi tuliandika kilomita 2 na siku 30, na faili liwe GeoPackage.