Soma faili za mashine pepe bila kuiwasha

Mashine pepe ikigoma kuwaka, usikimbilie kuijenga upya. Ukijua Python kidogo tu, maktaba ya libguestfs itakufungulia diski yake uone kilichomo. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha python3-guestfs; kwenye Fedora ni python3-libguestfs.

    import guestfs
    g = guestfs.GuestFS(python_return_dict=True)
    g.add_drive_opts("seva.qcow2", format="qcow2", readonly=1)
    g.launch()
    root = g.inspect_os()[0]
    njia = g.inspect_get_mountpoints(root)
    for n in sorted(njia, key=len):
        g.mount_ro(njia[n], n)
    print(g.cat("/etc/fstab"))
    g.close()

Hiyo sorted ina kazi yake: lazima / ipachikwe (mount) kabla ya /boot.

Tafadhali sana, usiondoe readonly=1. Ukiandika kwenye diski ya mashine ambayo bado inafanya kazi, mfumo wake wa faili utaharibika, na data ya watu itapotea. Kusoma tu hakuna madhara, ila unaweza kukuta faili ambayo haijamaliza kuandikwa.

Format, yaani muundo wa faili ya diski kama qcow2 au raw, nayo itaje mwenyewe. Ukiiacha programu ikisie, mtu mwenye nia mbaya aliye ndani ya mashine yenye diski ya raw anaweza kuandika mwanzoni mwake kichwa (header) cha qcow2 cha uongo kinachoelekeza kwenye faili za kompyuta yako inayoendesha mashine hiyo.

Kwenye Ubuntu, launch ikikataa kwa mtumiaji wa kawaida, angalia ruhusa za /boot/vmlinuz, faili ya kernel. Huwa inasomwa na mtumiaji mkuu, root, peke yake. Na kwa logi kubwa tumia g.download badala ya g.cat, maana cat ni ya faili ndogo.