Kuandaa rimoti ya glaida kabla ya kupanda Loleza
Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Loleza kinafika mita 2,656. Kwenye mita 2,400 hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya pwani, hivyo glaida ileile (ndege ndogo isiyo na rubani ndani, inayoelea hewani na kuongozwa kwa rimoti) hutua kwa kasi kubwa zaidi kwa takriban asilimia 12. Ndiyo maana breki zipangwe nyumbani, mezani.

Usianze na menyu ya rimoti, anza na ndege yenyewe. Rudisha trimu zote (marekebisho madogo ya kati ya rimoti) kwenye sifuri, washa rimoti kwanza, kisha risiva, yaani kipokezi cha ndani ya ndege. Kijiti kikiwa katikati, mkono wa sevo (mota ndogo inayosogeza vibao vya ndege) uwe nyuzi 90 na waya wake. Haukukaa sawa? Fungua skrubu, chomoa mkono, usogeze jino moja. Kilichobaki kimalizie kwa kuzungusha kishikizo cha waya. Ukinyoosha kila kitu kwa rimoti peke yake, upande mmoja utakosa mwendo. Sukuma kijiti hadi mwisho usikilize: sevo ikinguruma imekwama na inakunywa betri, nayo betri huchoka mapema kwenye baridi ya Juni na Julai. Punguza mwendo hadi inyamaze.

Sasa chukua rula. Kwa glaida ya bawa la mita 2, eleroni (vibao vya kwenye ncha za mabawa) anza na milimita 12 juu na 6 chini. Kibao kinachoshuka huburuta bawa lake nyuma, pua ikageukia upande usioutaka; ndiyo sababu ya kukipa nusu. Eleveta (kibao cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua) milimita 8 kila upande, pamoja na ekspo, yaani kulainisha mwendo karibu na katikati ya kijiti, ya asilimia 25 hadi 30. Hapa wengi huangukia: rimoti nyingine hulainisha kwa namba chanya, nyingine kwa hasi. Sogeza kijiti robo tu na utazame eleveta. Ikiruka kwa pupa, badilisha alama ya namba hiyo.

Breki ziweke kwenye kijiti cha kushoto, kikiwa mbele zimefungwa, kikirudi kwako zimefunguka zote: flapu (vibao vya bawa vilivyo karibu na kiwiliwili) chini nyuzi 60, eleroni juu kama 20. Flapu zikishuka pua huinuka, kwa hiyo changanya eleveta chini, milimita 2 au 3 za kuanzia. Jaribu ndege ikiwa juu sana: vuta nusu breki, pua ikipanda ongeza eleveta hiyo ya chini, ikizama punguza. Mara nyingi robo ya kwanza ndiyo huinua pua zaidi, basi tumia mstari wa kupinda, usitumie ulionyooka.

Failsefu (mkao ambao vibao hujiweka mawimbi ya rimoti yakikatika) ya glaida isiyo na mota iwe nusu breki na usukani wa mkia kidogo upande mmoja, ishuke ikizunguka. Ukiiacha imenyooka, kusi litaivusha ukingo na hutaiona tena. Ijaribu kwa kuzima rimoti huku ndege imeshikwa chini.

Antena mbili za risiva ziwe nyuzi 90 moja kwa nyingine, nje ya kiwiliwili cha kaboni, maana kaboni huziba mawimbi. Punguza nguvu ya rimoti kwa hali ya majaribio, tembea hatua 30, na kila kibao kiendelee kutii.

Ukifika mlimani, soma jina la ndege kwenye skrini kabla ya yote. Kumbukumbu ya ndege nyingine inaweza kugeuza eleroni. Simama nyuma ya mkia, peleka kijiti kulia: eleroni ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Rudia kila unaporusha, hata kama uliruka dakika 10 zilizopita.