Namna ya kuifuatilia komedi isiyobaki hata sekunde moja

Ukitaka kuijua Pinwright's Progress, komedi ya kwanza ya mfululizo kwenye televisheni ya Uingereza, usimalize bando lako YouTube. Haimo. BBC iliirusha mubashara kutoka Alexandra Palace, London, vipindi 10 tu, kuanzia Novemba 1946 hadi Mei 1947. Utaratibu wa kuhifadhi matangazo kwa kukipiga filamu kioo cha televisheni ulianza kutumika pale miezi michache baada ya kipindi kwisha. Miezi tu! Hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Anza na ratiba. BBC imeweka mtandaoni, bure, ratiba za jarida la Radio Times katika hifadhi iitwayo Genome. Andika Pinwright, kisha chagua 1946 na 1947. Mimi nilifanya kwa simu, usiku, daftari likiwa mapajani. Nakili kila jina la mwigizaji na la mhusika wake.

Sasa wasome wahusika polepole, maana kichekesho kimekaa hapo. Bwana Pinwright ana duka, ana mshindani asiyepatana naye kabisa, na wafanyakazi wake kila wakimsaidia wanazidi kumharibia. Yumo Ralph, "kijana" wa kutumwa wa dukani: ana miaka 80 na ushee, na masikio hayasikii. Hebu fumba macho umtume Ralph akalete kitu upesi, mteja amesimama kaunta, nawe hutaki mteja asikie unachosema. Mimi hapo nilicheka peke yangu, na sikuwa nimeona hata picha moja.

Baada ya hapo mtafute James Hayter, aliyekuwa Pinwright. Mwaka 1978 aliingia kwenye Are You Being Served?, komedi nyingine ya dukani, akiwa muuzaji Bwana Tebbs, na hiyo ipo. Itazame mara mbili: kwanza zima sauti uangalie mabega na mikono, kisha msikilize. Kumbuka tu kwamba Pinwright alimwanza akiwa na miaka 39, na hapa ana 71, kwa hiyo mwongezee kasi kichwani mwako.

Picha za mnato ziache mwisho. Zipo chache, na ukianza nazo utabaki na sura zilizoganda. Ukizifikia ukiwa umeshamsikia Hayter na kumtuma Ralph, zitaanza kutembea.