Nukta ya penseli kwenye majarida

Rafu za majarida maktabani zikijaa na hujui yapi yaende stoo, bandika tangazo kila meza: "Usirudishe jarida rafuni, liache hapa." Jioni, kabla ya kuyapanga, kila juzuu lililotumika litie nukta ya penseli kwenye lebo ya mgongoni, ionekane ukipita tu. Baada ya mwaka mzima, msimu wa tasnifu ukiwemo, lisilo na nukta ndilo la kuhama. Daftari la kuazima halisaidii hapa, maana majarida husomewa humo humo. Wanaonishinda ni wanaopiga picha kwa simu wakiwa wamesimama rafuni. Hao hawaachi alama. Na majarida ya hapa nchini yasiyopatikana kwenye hifadhi ya majarida ya JSTOR wala kwingine mtandaoni usiyaguse, hata yakiota vumbi.