Nairobi hadi New York: kokotoa mwenyewe umbali na saa za kuruka

Mama mmoja niliyemkatia tiketi ya kwenda kumwona mjukuu aliisoma, uso ukamchangamka. "Kumbe ni saa sita na nusu tu, mwanangu!" Alikuwa ameona kuondoka 23:30, kufika 06:00. Mkoba wa mkononi ulikuwa na dawa ya kisukari ya mara moja tu. Nyingine ilikuwa iende kwenye sanduku, chini kwa mizigo. Nilimwomba aketi, nikachukua tufe na uzi.

Hatua ya 1: Pima umbali. Usitumie ramani ya ukutani. Dunia ni mviringo, na ikilazimishwa kulala kwenye karatasi njia zake hupotoka. Kwenye ramani hiyo uzi ulionyooka kutoka Nairobi hadi New York huingia baharini pale Mauritania. Uvute juu ya tufe uone: unapanda hadi Chad, unakata jangwa la Algeria, unatokea Morocco. Hiyo ndiyo njia fupi.

Tufe langu lina kipenyo cha sentimita 30, yaani mzingo wa sentimita 94 kwenye ikweta. Uzi ulitoa 28. Gawa 28 kwa 94, kisha zidisha kwa 40,000, ambazo ndizo kilomita za mzingo wa dunia. Unapata 11,900 na ushei. Kompyuta inasema takriban 11,830, kwa hiyo uzi haukutuangusha.

Hatua ya 2: Gawa kwa mwendo. Ndege kubwa kama Boeing 787 ikishatulia angani huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Jibu ni saa 13 na kidogo. Ongeza nusu saa ya kupaa na kutua.

Hatua ya 3: Tia upepo. Huko juu, hasa kuanzia Afrika Kaskazini na kuvuka Atlantiki, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda New York unakukabili. Ukipunguza mwendo kwa kilomita 60 tu kwa wastani, 840 inakupa saa 14, na ile nusu ni 14 na nusu. Wakati wa kurudi upepo huo huo unakusukuma, ndiyo maana safari ya kurudi huwa fupi.

Hatua ya 4: Hakiki kwa tiketi. Hapa ndipo wengi huteleza. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji wake. Kuanzia Novemba hadi Machi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Wamarekani wakisogeza saa zao mbele, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, tofauti ni 7. Mama alisafiri Januari: 6 na nusu, jumlisha 8, ni 14 na nusu. Sawasawa na hesabu ya uzi. Akatoa dawa zote sandukuni akazihamishia mkobani.

Hatua ya 5: Mwambie anayekupokea. Ile 06:00 si saa sita, ni saa kumi na mbili alfajiri, tena kesho yake. Mama aliondoka Jumatatu usiku, kwa hiyo ujumbe tuliomwandikia mwanawe ulisema: "Nafika Jumanne, 06:00, saa kumi na mbili asubuhi ya huko kwenu."