Kuomba Shule ya Biashara Ng'ambo Ukiwa Kijana wa Lamu

Kijana wa Lamu aliye mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, au aliyehitimu juzi na sasa anamsaidia baba yake kuendesha nyumba ya wageni Shela, akitaka kuomba nafasi katika shule ya biashara ng'ambo, aanze kwa kujiuliza aombe masomo gani, kabla hajafikiria alama za mtihani wala karo. Wengi huomba MBA, yaani shahada ya uzamili ya uendeshaji wa biashara, kwa kuwa ndilo jina walilolisikia, kumbe MBA ya kawaida katika shule kubwa imekusudiwa watu waliokwisha kufanya kazi. Wanafunzi wanaoingia Harvard, kwa mfano, huwa na wastani wa miaka 5 hivi ya uzoefu. Mwenye miaka 22 akijiunga na foleni hiyo anashindana na watu waliosimamia wafanyakazi na bajeti, na barua ya kukataliwa haitamwambia kwamba tatizo lilikuwa foleni yenyewe.

Kwa kijana, njia zinazofaa ni tatu. Ya kwanza ni udahili wa kuahirishwa: unaomba ukiwa bado mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, unakubaliwa, kisha unakwenda kufanya kazi kwa miaka 2 au zaidi kabla ya kuingia darasani. Mpango wa Harvard wa aina hii huitwa 2+2, na mipango inayofanana nao ipo Stanford, Wharton, Chicago, Columbia na MIT. Yale ina mpango wake wa Silver Scholars, ambao humchukua mhitimu moja kwa moja, akasoma mwaka mmoja, akatoka kwenda kazini, kisha akarudi kumaliza. Mara nyingi mwisho wa kutuma maombi haya ni mwezi wa Aprili. Aliyeko mwaka wa mwisho katika chuo chochote, kiwe Nairobi, Mombasa au Kilifi, sioni sababu ya kutojaribu, kwa maana mlango huu ukishahitimu na kuanza kazi hufungwa, na ada ya maombi ya 2+2, dola 100, ni ndogo kuliko dola 250 anazotozwa mwombaji wa kawaida wa Harvard.

Njia ya pili ni shahada ya uzamili katika usimamizi, ambayo shule za Ulaya kama HEC Paris, ESCP, St. Gallen na London Business School huitoa mahsusi kwa wasio na uzoefu wa kazi au wenye uzoefu mdogo. Masomo huchukua mwaka mmoja hadi miwili na hufundishwa kwa Kiingereza. Huku kwetu shahada hii haijulikani sana, nami naiona ndiyo iliyodharauliwa bila haki. Njia ya tatu ni kungoja: fanya kazi miaka 3 au 4, kisha uombe MBA ukiwa na la kusimulia. Kungoja huko si kushindwa, mradi kazi utakayoifanya iwe na majukumu yanayokua.

Ukishachagua njia, linakuja suala la mtihani. Shule nyingi hukubali GMAT au GRE, mitihani ya kimataifa ya kuingilia masomo ya uzamili. GMAT ya sasa ina sehemu 3 za dakika 45 kila moja, yaani hesabu, lugha na uchambuzi wa takwimu, na alama zake huanzia 205 hadi 805. GRE nayo imefupishwa tangu Septemba 2023 na huchukua chini kidogo ya saa 2. Alama za mitihani yote miwili hudumu miaka 5, kwa hiyo mwanafunzi anayenuia kungoja anaweza kuufanya sasa, akili ikiwa bado na moto wa masomo, akazitumia baadaye. Ada huzidi dola 200, na kwa kijana asiye na mshahara hilo ni jambo la kupangiwa mapema na familia.

Mitihani hiyo inaweza kufanywa nyumbani kwa kompyuta, lakini fikiria vizuri nyumba yako ilivyo. Msimamizi hukutazama kwa kamera, hutaka kukiona chumba chote, na hataki mtu mwingine aingie. Nyumba ya mji wa kale ambamo shangazi hupita chumbani kuchukua kitu, umeme ukikatika na intaneti nayo hukatika, si mahali pa kutegemea. Safari ya Nairobi hadi kituo cha mtihani ni ghali na ya kuchosha, hasa ukianzia kwa mashua ya Mokowe, lakini ni afadhali kuliko mtihani uliovunjika katikati. Ukifanya hivyo, fika siku moja kabla, upumzike.

Kabla ya kujisajili, weka vyeti vyako vyote mezani na usome jina lako katika kila kimoja, herufi kwa herufi. Pwani hili ndilo linalowakwamisha watu kuliko hesabu za GMAT. Cheti cha kuzaliwa kinasema Swaleh, cha KCSE kinasema Saleh, kitambulisho kina jina la babu ambalo shule haikuliandika, na binti mmoja anaweza kuwa na majina matatu katika cheti kimoja na mawili katika kingine. Jina la kujisajili mtihani ni lazima lilingane na lililo katika pasipoti. Yasipolingana, unaweza kuzuiwa mlangoni na ada isirudi. Basi omba pasipoti kwanza, kupitia eCitizen, hakikisha imeandikwa unavyotaka uitwe kwa miaka ijayo, na kwa tofauti zilizobaki katika vyeti vya zamani, tafuta wakili akuandalie hati ya kiapo. Matokeo ya chuo nayo yaandike kama yalivyo katika transkripti. Ikiwa ni daraja la pili la juu, liache hivyo. Usiligeuze mwenyewe kuwa alama za Kimarekani, kwa sababu wasomaji wa maombi wanaifahamu mifumo ya nchi nyingi.

Insha ndipo kijana anapoonekana au anapopotea. Stanford kwa miaka mingi imewauliza waombaji ni jambo gani lina uzito mkubwa kwao, na kwa nini. Shule nyingine huuliza kuhusu uongozi au mipango ya baadaye. Mwombaji mchanga husoma swali kama hilo akaona hana kitu, kisha akaanza kuandika kama mkurugenzi wa kampuni. Wasomaji wanajua umri wako. Wanachotafuta ni uamuzi uliouchukua kwa kile kidogo ulichokuwa nacho mkononi, na yaliyofuata.

Tuseme umekulia katika biashara ya ami yako ya kununua kamba mti kutoka kwa wavuvi wa Kizingitini. Insha dhaifu itasema: «Nimependa biashara tangu utotoni, na familia yetu imenifundisha bidii na uaminifu.» Sentensi hiyo inaweza kuandikwa na yeyote duniani. Insha yenye nguvu itasema kwamba mwezi wa Agosti, kusi ikiwa bado inavuma, mashua zilichelewa, mnunuzi wa Mombasa akashusha bei kwa kuwa mzigo ulifika umelegea. Kwamba ulimshauri ami asiuze mzigo wote kwa mtu mmoja, bali sehemu yake iende kwa hoteli za Shela, zilizojaa wageni msimu huo, nazo zilipe taslimu siku ile ile. Kwamba ami alikataa, ukamwonyesha katika daftari hasara ya safari zilizopita, akakubali kujaribu kwa mzigo mmoja. Kisha useme kilichotokea, hata kama faida ilikuwa ndogo. Hapo msomaji amekuona ukihesabu, ukimshawishi mkubwa wako bila kumvunjia heshima, na ukibeba matokeo.

Ugumu ni kwamba tumelelewa tusijisifu. Kijana wa Lamu hueleza mambo ya familia kwa namna ambayo kila mtu alifanya kila kitu, na hiyo ni adabu njema barazani, ila katika fomu ya maombi humfanya mwandishi atoweke. Toa sifa kwa wengine, lakini msomaji aone waziwazi ni hatua gani ingekosekana kama wewe hukuwepo. Mpe rasimu mtu anayekufahamu, kama dada yako au mwalimu, na umuulize ni sehemu ipi inayosikika kana kwamba si wewe.

Barua za mapendekezo kwa kawaida huwa 2. Kwa mwanafunzi, mmoja anaweza kuwa mhadhiri aliyesimamia mradi wako, na mwingine aliyekuajiri wakati wa likizo au mafunzo ya kazini. Usimchague mtu kwa cheo chake. Mheshimiwa aliyekuona mara moja harusini hana la kuandika. Utakutana pia na bosi atakayekwambia uiandike barua mwenyewe, yeye atie sahihi tu. Mkatalie kwa upole, kwani shule humtaka mpendekezaji ajaze fomu yake mtandaoni kwa maneno yake, na mwandiko mmoja katika insha na barua hutambulika. Badala yake mwandikie ukurasa mmoja wa kumkumbusha kazi mlizofanya pamoja, umpe majuma kadhaa, kisha umkumbushe kwa adabu tarehe ikikaribia.

Mahojiano, ukiitwa, mara nyingi hufanyika kwa video. Angalia tofauti ya saa: saa 4 asubuhi Boston wakati wa baridi ni saa 12 jioni kwetu, Maghribi ikiwa mlangoni, na hakuna ubaya kuomba saa nyingine. Wharton huwaweka waombaji katika majadiliano ya kikundi. Aliyefunzwa kunyamaza wakubwa wazungumzapo ajizoeze kuingia katika mazungumzo bila kungoja kupewa nafasi.

Kuhusu fedha, sema na wazazi mapema na bila kuficha. Karo ya MBA katika shule kubwa za Marekani imepita dola 70,000 kwa mwaka, bila kodi ya nyumba na chakula. Harvard hutoa msaada wake kwa kuangalia uhitaji, kwa hiyo aliyetoka katika familia ya kipato cha kawaida asikate tamaa kwa kuona karo tu. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja, lakini hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800 na sharti la kurudi nyumbani kwa miaka 2, na kwa MBA una kikomo cha karo utakayolipiwa. Kuna pia wakopeshaji, kama Prodigy Finance, wasiodai mdhamini. Mikopo hiyo ina riba, na kwa wengi wetu hilo linaifunga njia hiyo. Ikiwa ndivyo kwako, orodha ya shule unazoomba ifuate ufadhili uliopo, si sifa ya jina.

Ukiacha udahili wa kuahirishwa, wenye tarehe zake, tuma maombi katika awamu ya kwanza, Septemba hadi Oktoba mwanzoni, au ya pili, Januari. Awamu ya mwisho haimfai mwombaji wa kigeni, kwa kuwa fedha za ufadhili huwa zimepungua na muda wa viza ni mfupi. Viza ya Uingereza hudai kipimo cha kifua kikuu na fedha zilizokaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Ya Marekani hudai fomu ya I-20 kutoka shuleni, inayothibitisha kuwa umekubaliwa, ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na mahojiano ubalozini Gigiri. Familia nyingi za biashara huku huziweka fedha zao katika mali, mashua au kiwanja, ambavyo havionekani katika taarifa ya benki; basi wazee wafungue akaunti na waanze kupitishia humo mapato ya biashara mwaka mzima kabla ya siku ya kuomba viza.