Kijiti, sindano, lupu au vidonge? Namna ya kuchagua njia ya uzazi wa mpango inayokufaa

"Sista, nataka ile aliyowekewa jirani yangu." Nikiwa muuguzi mkunga katika kliniki ya mama na mtoto, sentensi hiyo naisikia sana. Dada yake anayemfuata foleni anasema, "Nipe yoyote, mradi isiwe kijiti, kilimtesa shoga yangu." Wote wawili wanachagua kwa mwili wa mtu mwingine. Fuata mpangilio huu nyumbani, kwa utulivu, kabla hujaja kwetu. Ukifika umeshajijua, mazungumzo yetu yatakuwa mafupi na utaondoka na kitu utakachodumu nacho.

Hatua ya 1: Mtoto mwingine unamtaka lini?

Jibu kwa miaka, hata kwa kukadiria. Ukiniambia unataka kupumzika mwaka mmoja tu, sindano ya miezi 3, yaani Depo, siitangulizi. Haiharibu kizazi, lakini ukiiacha uwezo wa kushika mimba hurudi polepole: kwa wastani ni kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wapo wanaopitiliza. Subira hiyo ndiyo inayozaa maneno ya mtaani kwamba sindano inafunga kizazi. Kijiti (huwekwa chini ya ngozi ya mkono), lupu (huwekwa ndani ya mji wa mimba) na vidonge ukiviacha leo, unaweza kushika mimba ndani ya mwezi.

Ukitaka nafasi ya miaka 3 au zaidi, tazama vijiti au lupu. Implanon ni kijiti kimoja cha miaka 3, Jadelle ni viwili vya miaka 5, na lupu ya shaba hukaa miaka 10 na zaidi. Ikiwa mmemaliza kuzaa na mna hakika, kuna kufunga mirija. Wanaume, hili linawahusu: kufunga mirija ya mwanaume ni upasuaji mdogo kuliko wa mwanamke, nguvu zenu hazipungui, manii huendelea kutoka ila hayana mbegu. Tumieni kondomu miezi 3 ya mwanzo, mpaka mbegu zilizobaki njiani ziishe.

Hatua ya 2: Andika magonjwa yako na dawa unazomeza

Vidonge vingi vya majira vina homoni mbili, na mojawapo, estrojeni, haifai kwa mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, anayeumwa kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, au anayevuta sigara akiwa ametimiza miaka 35. Kwa hiyo usinunue vidonge dukani kabla hujapimwa presha. Kipimo hicho ni dakika mbili, na kinaweza kukuepusha na kiharusi. Mwenye saratani ya matiti aepuke njia zote za homoni. Lupu ya shaba haina homoni.

Halafu dawa. Rifampisini ya TB, dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, na ARV yenye efavirenzi hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti. Depo na lupu haziguswi. Wanaotumia ARV zenye dolutegraviri, ambazo ndizo wengi wanazo sasa, wanaweza kuweka kijiti bila wasiwasi huo. Tafadhali taja dawa zako zote, hata kama hutaki kueleza ni za nini mbele ya watu. Omba tuzungumze faragha.

Hatua ya 3: Kama una kichanga

Kijiti kinaweza kuwekwa kabla hujatoka wodini. Lupu huwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Zikipita, subiri wiki 4. Anayenyonyesha asubiri wiki 6 kwa Depo, na miezi 6 kwa vidonge vyenye estrojeni.

Kunyonyesha kwenyewe ni kinga, kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hedhi haijarudi, na anapewa maziwa ya mama tu, mchana na usiku. Ukimwanzishia uji, kinga imeishia hapo. Na aliyetoka kupoteza mimba asidhani ana muda: yai linaweza kupevuka ndani ya wiki 2.

Hatua ya 4: Damu ya namna gani utaivumilia?

Kaa hapa kuliko kwingine kote. Ninaowaona wakirudi kuacha njia, wengi wanarudi kwa ajili ya damu, na wengi wao hakuna aliyewaambia mapema.

Kijiti huvuruga ratiba. Mwingine hutoka matone wiki mbili mfululizo, mwingine hukaa miezi bila kuona kitu, na hakuna anayeweza kukutabiria utakuwa yupi. Depo huanza kwa matone, kisha hedhi hupungua. Baada ya mwaka mmoja karibu nusu ya watumiaji hawaioni kabisa. Damu hiyo haijajikusanya tumboni. Homoni imefanya ukuta wa ndani wa mji wa mimba ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Lupu ya shaba huacha hedhi ije kwa tarehe zake, ila nzito zaidi na yenye maumivu, hasa miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Vidonge huleta hedhi nyepesi inayofuata ratiba.

Sasa jitazame. Umewahi kuambiwa una upungufu wa damu? Basi lupu ya shaba isiwe chaguo lako la kwanza. Unashinda shambani au sokoni ambako choo ni cha shida? Matone ya kila siku yatakuchosha. Hedhi isipokuja utalala usingizi, au kila mwezi utakimbilia kipimo cha mimba? Wateja wangu Waislamu huniuliza kuhusu swala na funga wanapotoka matone. Swali hilo namwachia mwanachuoni wanayemwamini, lakini nawaomba waliulize kabla ya kuwekewa, wasingoje Ramadhani iingie.

Uzito nao: Depo huwaongezea baadhi ya wanawake. Kama hilo linakusumbua, liseme.

Hatua ya 5: Pima kumbukumbu yako na nyumba yako

Katika wanawake 100 wanaotumia njia kwa mwaka mmoja, kwa namna watu wanavyotumia kweli, mimba hupatikana hivi: kijiti na lupu, chini ya 1, sindano, kama 4, vidonge, kama 7, kondomu ya kiume, kama 13, kumwaga nje, kama 20. Kinga ya vidonge na sindano hushuka kwa sababu binadamu husahau. Ikiwa unafanya kazi za zamu, au huna mahali pa kuficha pakiti, usijilaumu, chagua kisichokudai kumbukumbu.

Kuhusu mume, mazungumzo yakiwezekana yafanyeni, maana atakayeelewa damu ya matone hataleta ugomvi. Yasipowezekana, uamuzi bado ni wako. Sindano haiachi alama, na kadi unaweza kuomba ibaki kliniki.

Kati ya njia hizi zote, ni kondomu tu inayokinga pia magonjwa ya zinaa na VVU. Ukiwa na shaka yoyote, ongeza kondomu juu ya njia yako.

Hatua ya 6: Siku ya kuja

Katika vituo vya serikali Tanzania huduma hii ni bure. Njoo na tarehe ya hedhi yako ya mwisho. Huna haja ya kungoja hedhi ianze. Tukijiridhisha kwa maswali au kipimo kwamba huna mimba, tunaanza siku hiyohiyo. Ukiwa nje ya siku za mwanzo za hedhi, tumia kondomu kwa siku 7 kwa sindano, kijiti au vidonge. Lupu ya shaba hufanya kazi papo hapo.

Kijiti kinatisha kwa jina kuliko kwa kazi. Unalala, unakunja mkono usioutumia sana, kiganja kikielekea kichwani. Tunasafisha ngozi ya ndani ya mkono wa juu, tunachoma ganzi, na hiyo ndiyo sehemu utakayoisikia, uchungu wa sindano unaopita. Kisha kifaa kinaingiza kijiti chini ya ngozi tu: sentimita 4, unene wa njiti ya kiberiti. Kabla ya bandeji nashika kidole chako, nakipitisha juu yake mpaka ukisikie. Ukisikie mwenyewe, usikubali kuondoka kabla ya hapo. Bandeji ya kubana juu ya kidonda ifunguliwe siku inayofuata, na usibebe ndoo nzito kwa mkono huo siku chache.

Kabla hujasaini uliza maswali mawili: kituo hiki kinatoa kijiti au lupu, au kinaweka tu? Na nikitaka kutolewa kabla ya muda, itakuwaje? Una haki ya kutolewa siku yoyote, hata bila kueleza sababu. Ukizungushwa, omba rufaa kwenda kituo kingine.

Hatua ya 7: Jipe miezi 3, lakini jua cha kukimbilia

Matone na kichefuchefu kidogo mara nyingi hutulia ndani ya miezi 3. Yasipotulia rudi hata mapema, tuna dawa za kupunguza damu na tuna njia nyingine. Kwa mtumiaji wa vidonge: ukisahau viwili au zaidi, meza kimoja mara ukumbukapo, endelea kila siku, na tumia kondomu siku 7. Depo ukichelewa, njoo tu. Hadi wiki 4 baada ya tarehe bado tunaweza kukuchoma.

Njoo siku hiyohiyo ukiona haya: maumivu makali ya kifua au kupumua kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kinachouma vibaya pamoja na kuona kiwi, maumivu makali chini ya tumbo pamoja na homa baada ya lupu, au usaha pale kijiti kilipoingia. Na ukipapasa usiguse tena uzi wa lupu uliokuwa ukiugusa, au kijiti hukisikii chini ya ngozi, tumia kondomu kuanzia usiku huo hadi tukuangalie.